Jogoo wa Mama Ntandu

Haya, sogeeni hapa, wenye meno na vibogoyo pia. Mwenye usingizi akanawe uso, maana hadithi ya leo si ya kubembelezea watoto. Leo mahakimu ni nyie, na mimi nitakaa pembeni nione mtakavyotoana macho.

Kule Singida, katika mji mdogo wa wakulima wa alizeti, walikuwepo marafiki watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Elisante alikuwa fundi. Akisema mashine itapona, inapona. Akisema imekufa, mwenyewe anaanza kutafuta mnunuzi wa vyuma chakavu, haulizi tena. Hidaya alikuwa mtu wa kuaminiwa. Vikundi vya akina mama vilimpa fedha zao azitunze, vikampa na siri zao, na hapakuwa na aliyewahi kulalamika. Msengi alijua taratibu. Kibali hiki kinatoka dirisha lipi, muhuri ule unagongwa na nani, yote yalikuwa kichwani mwake. Tena hakuwahi kusema uongo hata mmoja, na alipenda sana kuwakumbusha watu jambo hilo.

Mimi nitakaa karibu na Hidaya, kwa sababu yeye ndiye aliyekosa usingizi.

Mjini hapo alikuwepo mjane, Mama Ntandu, mwenye mashine ya kukamua alizeti, ya pekee mtaani. Mumewe alipougua alikopa fedha za matibabu, akaweka mashine iwe dhamana. Mume akafa, deni likabaki hai. Wakopeshaji wakamtuma dalali, naye akabandika tangazo getini: mnada wa hadhara.

Sasa mji ule una desturi yake. Mali ya jirani ikinadiwa, mji mzima unakwenda mnadani, watu wanajaa mpaka ukutani, na hakuna anayefungua mdomo. Hata kukohoa watu wanaogopa, dalali asije akadhani umepanda dau. Basi dalali akapaza sauti: "Jamani, mashine nzima hii! Nani anaanza?" Kimya. Akashusha bei. Kimya. Akatupia utani, watu wakacheka, wakafunga tena midomo yao. Kila mnada una bei ya chini ambayo muuzaji hakubali kushuka zaidi yake, na hata hiyo hakuna aliyeitamka. Mnada ukavunjika, dalali akaondoka amenuna kama mtu aliyenyimwa pilau harusini.

"Tumewaweza!" Hidaya alimwambia Mama Ntandu, wakakumbatiana, wakalia.

Lakini dalali naye si mtoto wa jana. Haikupita siku nyingi akaja na tangazo jingine: zabuni. Anayeitaka mashine aje aikague, aandike bei yake, aifunge ndani ya bahasha pamoja na amana kidogo ya kuonyesha kwamba hafanyi mzaha, aitumbukize sandukuni. Mwenye bei kubwa kuliko wote ataitwa, amalizie fedha, aichukue mashine kama ilivyo, pale ilipo. Ikimfia njiani, shauri yake. Mnaona ujanja huo? Mnadani kila jicho linakutazama, lakini bahasha imefungwa, nani atajua ya nani? Desturi ya watu ikapigwa chenga mchana kweupe.

Wazee wa mtaa wakakaa kikao. Wakaamua watu wachange, na shemeji yake Mama Ntandu aweke bahasha kwa niaba yake. Mtu mwingine yeyote wa mtaa asithubutu. Mchango akabidhiwe nani? Hidaya, bila ubishi. Na kiasi chake akijue yeye na shemeji tu, kwa sababu bei ya zabuni ikivuja, anayeijua anaongeza kidogo tu juu yake na mchezo umekwisha.

Sasa fungueni masikio, maana hapa ndipo kesi ilipo.

Elisante alifanya hivi. Siku ya ukaguzi alikuja tajiri mmoja kutoka Dodoma, akaizunguka mashine, akamwuliza, "Fundi, hii vipi?" Elisante alijua fika kwamba ni nzima, shafti yake mpya aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Mzee wangu, shafti imepinda, gia zimelika. Ukiibeba hii umebeba kilio." Tajiri akapanda gari lake, akaenda zake, sanduku la zabuni hata hakuligusa. Ulikuwa uongo mtupu, lakini Elisante aliusema kwa ajili ya Mama Ntandu, na moyo wake siku ile ulikuwa mweupe.

Hidaya naye alifanya hivi. Yeye hakujua kwamba tajiri ameshaondoka. Mtaani zilivuma habari kwamba watu wa Dodoma wanaleta bahasha nene, naye alijua kwamba mchango wao umepita bei ya chini kidogo tu. Msengi akamkuta jikoni anakaanga maandazi.

"Rafiki yangu, huo mchango wenu utafua dafu kweli?" akauliza. "Mashine ikihamia Dodoma, sisi tutakamulia wapi?"

Hidaya akageuza maandazi. Alikumbuka miaka yote aliyokaa kwenye foleni na magunia yake. Kisha akawaza ingekuwaje kama foleni ile ingekuwa inakuja kwake. Wazo hilo lilikuwa tamu, jamani, msimcheke, hata nyie lingewanoga. Akajiambia kwamba Mama Ntandu keshashindwa, na afadhali mashine ichukuliwe na jirani kuliko mgeni. Akakitaja kiasi.

"Lakini usiseme nimekwambia."

"Hapana atakayelisikia kwangu," akajibu Msengi, na kweli hakumwambia mtu.

Msengi ndiye aliyemaliza. Kwa Elisante alisikia kwamba tajiri ameondoka, kwa Hidaya akasikia kiasi cha mchango. Akamfuata kila mmoja kwa wakati wake, akamshawishi watie fedha zao pamoja. Elisante alipouliza, "Na Mama Ntandu je?" Msengi akasema, "Michango ya watu unaijua wewe mwenyewe." Elisante akaamini kwamba fedha hazikutosha. Hidaya alipouliza, "Na wale wa Dodoma?" Msengi akasema, "Wana fedha wale, nani asiyejua?" Hidaya akaamini kwamba bado wapo. Uongo hapo uko wapi? Msengi akaandika bei iliyouzidi mchango kwa thamani ya mbuzi mmoja, akaitumbukiza bahasha sanduku likikaribia kufungwa.

Dalali alifungua bahasha ofisini kwake, na aliyeitwa ni mshindi peke yake. Watatu wakaenda kumalizia fedha. Dalali akawa anacheka.

"Nyie mna bahati! Zilikuwa bahasha mbili tu. Mwenzenu mmempita kidogo mno."

"Mbili?" Hidaya akauliza.

"Mbili, mama. Ya kwenu na ya shemeji yake mwenye mashine."

Hidaya akamgeukia Elisante. "Tajiri yuko wapi?"

"Si nilimfukuza mimi? Jiulize wewe ulimtajia nani kiasi cha watu!" Elisante naye alikuwa ameshaelewa.

Wote wawili wakamtazama Msengi. "Mimi nimemdanganya nani?" akasema. "Semeni, nimemdanganya nani?"

Dalali akawaambia kwamba wakirudi nyuma amana yao imeliwa, na atamwita wa pili. Wa pili! Maana yake Mama Ntandu angeitwa siku ileile. Hidaya alilisikia hilo vizuri, wala masikio yake hayakuwa na kasoro. Kisha kalamu ikafika mkononi mwake na akasaini. Elisante akasaini. Msengi alikuwa amesaini zamani.

Mtaani zikavuma habari kwamba watatu wale wamemzidi tajiri wa Dodoma, wazee wakawasamehe kuvunja amri, nao hawakukanusha. Mchango ukarudishwa kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, na aliyepita kuurudisha ni Hidaya. "Mungu akubariki, mwanangu," bibi mmoja akamwambia akipokea chake. "Mwaminifu kama wewe wamebaki wachache." Hidaya alifika nyumbani, akajifungia ndani, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Mashine ikaanza kazi, foleni ikaja, fedha zikaingia. Asubuhi moja, watu wakiwa wamejaa na magunia yao, Mama Ntandu akaingia uani ameshika jogoo, jogoo mkubwa wa kienyeji, mwekundu.

"Wanangu," akasema, "nimesikia yule tajiri wa Dodoma alitaka kuiondoa mashine hapa, nyie mkajikamua mkamzidi. Mimi nimeshindwa, ni amri ya Mungu, lakini mashine imebaki nyumbani. Nimewaletea jogoo wa shukrani. Na kama kuna kibarua, hata cha kuzoa mashudu, nipeni. Mashine hii naijua."

Sasa kule kwao jogoo wa shukrani hapokelewi na kundi. Anapokelewa na mtu mmoja, yule ambaye mkono wake ndio uliotenda, naye hutaja mbele ya watu kile alichokitenda. Ndipo Mama Ntandu akauliza, "Haya, nimpe nani?"

"Mpe Msengi," akasema Elisante upesi. "Bila bahasha yake tusingepata kitu."

"Mpe Hidaya," akasema Msengi. "Bila yeye nisingejua niandike nini." Na hilo nalo lilikuwa kweli.

"Mpe fundi," akasema Hidaya. "Tajiri aliondolewa na yeye."

Watu wa foleni wakacheka. "Unyenyekevu gani huu!" Mama Ntandu naye akacheka, akamsogelea Hidaya, akamnyooshea jogoo kwa mikono miwili. "Pokea wewe, mwanangu. Wewe nakuamini kuliko wote. Taja ulichotenda, watu wasikie."

Hidaya aliinua mikono, ikaishia njiani. Akisema kweli, wazee watawavua mashine siku ileile. Itarudi kwa mwenyewe, na wao watatu watabaki maskini wanaonyooshewa vidole. Akipokea tu na kutabasamu, kesho Mama Ntandu atainama kuzoa mashudu ya mashine yake mwenyewe, na atasema asante.

Basi mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Mmoja alidanganya kwa nia njema. Mmoja alitoa siri akidhani vita imekwisha. Mmoja hakudanganya wala hakuvunja sheria yoyote, alinyamaza tu pale alipotakiwa kusema. Ungemtoa yeyote kati yao, mashine isingefika mikononi mwao. Na wote watatu walisaini.

Semeni basi, mahakimu wangu. Mzigo wa nani mzito zaidi? Na Hidaya, akiwa na haki ya kujiangamiza mwenyewe, anayo haki ya kuwaangamiza na wenzake? Msinijibu kwa kunong'onezana. Mama wa watu bado amesimama uani, mikono imeanza kumchoka, na anangoja aambiwe jogoo ni wa nani.