Kapu la Damari

Ndugu zangu, tafuteni mahali tutakaposoma leo, wekeni kidole hapo, kisha fungeni Biblia zenu kidogo. Kabla ya Neno, nataka twende pamoja mpaka mji mmoja mdogo ulioko milimani, wenye baridi ile ambayo saa nne asubuhi watu bado wamejifunga blanketi mabegani. Mji huo una mashine moja ya kusaga, barabara moja ya lami, na kanisa moja ambalo kengele yake imepasuka, lakini wenyewe wanaipenda hivyo hivyo.

Alikuwako huko mwalimu mmoja mstaafu, mama anayeitwa Tumpe. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne. Nusu ya watu wazima wa mji ule, ukiwaona wanasoma gazeti, ujue waliijua herufi ya kwanza kwa kufuata kidole chake ubaoni. Akina mama wa jumuiya yake walipoona macho yao yamechoka na miwani hawana, wakampa kazi. Kila Alhamisi saa tisa alasiri, kabla ya maombi, awasomee kitabu kwa nusu saa.

Kitabu kilichokuwa zamu mwaka ule kilitoka kwenye boksi la vitu ambavyo watu hulitolea kanisa. Hakikuwa na jalada. Kilisimulia habari za mji mdogo kama wao, na mwanamke mcha Mungu aitwaye Damari, na rafiki yake Yunia. Damari anaugua miguu. Mume hayupo, watoto wako mbali. Yunia anakuja kila asubuhi, anamwosha, anamchekesha, wanagombana, wanapatana, wanasali, kesho tena.

Akina mama walikipenda kitabu hicho kama watu wanaopenda jirani. "Huyo shemeji yake Damari," Mama Bukuku alisema siku moja, "ningempata mimi, ningempa za uso!" Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Lakini Tumpe hakuwa anacheka sana. Kila alipofika pale Yunia anapobisha hodi, aliacha kusoma, akajifanya anasafisha miwani. Wenzake wakasema, "Mwalimu ana moyo laini." Hawakujua. Au pengine walijua, wakaona ni heri wasijue.

Tumpe alikuwa na Yunia wake, ndugu zangu. Hapana, nimekosea. Alikuwa na Damari wake.

Anaitwa Sekela. Walicheza pamoja wakiwa watoto, wakaolewa mwaka mmoja, wakazika waume zao wakiwa wameshikana mikono. Kanisani Sekela ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akifungua kinywa, hata mzee aliyekuwa amesinzia alisimama wima. Kisha ugonjwa wa sukari ukaushika mguu wake, na hospitali wakaukata chini ya goti. Siku aliporudishwa nyumbani, Tumpe alikimbia kwenda kumwona. Akasimama kando ya kitanda. Akaona blanketi limelala bapa mahali palipotakiwa kuwa na mguu. Woga ukamshika, na mdomo ukatoa neno ambalo hakulipanga: "Utazoea tu."

Sekela akageukia ukutani.

Tumpe alirudi nyumbani uso unamwaka. Akasema, nitakwenda kesho nimwombe radhi. Kesho yake akaona aibu. Wiki ikapita, na sasa ilibidi aeleze neno lile na pia ile wiki. Mwezi ukapita, na mzigo wa kueleza ukaongezeka. Miezi tisa ikaisha hivyo, kwa kusema kesho. Nyinyi mnaijua aibu ya namna hiyo? Ile inayokufanya upite njia ya nyuma ili usionekane na mtu unayempenda?

Basi, Alhamisi moja Tumpe alisoma mpaka mahali ambapo Damari amelala, baridi imeingia ndani, na kuni zimekwisha. Nusu saa ikaisha hapo hapo. Akafunga kitabu. Wakainamisha vichwa kuomba, na Mama Bukuku, machozi bado yanamtiririka, akasema kwa sauti, "Na Damari wetu, Bwana, mgonjwa wa miguu, hata kuni hana, umkumbuke!" Wote wakaitikia, "Amina!"

Sasa, katibu wa jumuiya, Mama Asifiwe, alikuwa amechelewa. Alitoka mashineni kusaga, unga bado uko kwenye nyusi, akaingia wakati wa maombi. Hakusikia kitabu. Alisikia jina. Naye ni katibu mwaminifu, hapitwi na mgonjwa. Akatoa daftari, akaandika: Damari. Miguu. Hana kuni.

Jumapili, mzee wa kanisa akasimama kusoma matangazo. "Tumwombee mgonjwa wetu Damari, wa jumuiya ya akina mama." Kanisa zima likapiga magoti. Mchungaji akaomba kwa uchungu, dakika nne nzima. Mama Bukuku alikuwa amefunika uso kwa kitenge, mabega yanacheka. Tumpe alitaka kusimama aseme, lakini nani anasimama katikati ya maombi kusema kwamba mgonjwa ni wa kwenye karatasi?

Na mji ule una desturi yake. Mgonjwa akisomwa kanisani Jumapili, kabla ya Jumanne kupita lazima apelekewe kapu. Kila nyumba inatoa ilicho nacho. Na kapu likishaombewa halirudishwi. Kulirudisha ni kama kumwambia Mungu kwamba ulikuwa unatania.

Jumanne asubuhi wakakutana pale kanisani. Viazi, maharage, sabuni, mafuta ya kupikia, na mizigo mitatu ya kuni ya kubebwa kichwani. Mama Asifiwe akamgeukia Tumpe. "Haya, Mwalimu, tuongoze. Naambiwa wewe ndiye unayemfahamu Damari kuliko wote."

Tumpe akameza mate. "Mama Asifiwe, Damari yuko kitabuni."

"Kitabuni wapi?"

"Kwenye kitabu tunachosoma. Ni mtu wa hadithi, mama."

Mama Bukuku akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, akakaa juu ya gunia la viazi.

"Mnacheka!" Mama Asifiwe akapaza sauti. "Mchungaji wa watu amepiga magoti na goti lake lile bovu! Mimi nimepita nyumba kwa nyumba nikiomba kuni za mtu asiyekuwako! Na hili kapu sasa tulipeleke wapi? Tukifungue kitabu tulitie ndani?"

Hapo hata Mama Bukuku akainuka juu ya gunia. Maana swali lilikuwa la kweli. Kapu limeombewa, haliwezi kurudi.

Mama mmoja akasema polepole, "Tutafute basi mtu anayefanana naye. Mjane. Mgonjwa wa miguu. Watoto wako mbali. Hana wa kumletea kuni."

Mmoja akarekebisha mtandio, mwingine akatazama kucha zake. Walikuwa wameshalijua jina, wote. Walimpelekea kapu mara moja, alipotoka hospitali, kisha kila mmoja akajiambia kwamba Mwalimu yuko. Mji wenyewe ni mdogo kiasi gani? Tumpe angeweza kunyamaza. Miezi tisa alikuwa ameweza.

"Sekela," akasema. "Ni Sekela. Na wa kulaumiwa kwanza ni mimi."

Wakajitwika kuni, wakashika kapu huku na huku, wakateremka. Tumpe mwanzoni alikuwa mbele. Walipoikaribia nyumba ya Sekela, hatua zake zikawa fupi. Njia ya kuingilia pale ilikuwa imeota majani. Mwajua njia ya nyumbani inaota majani lini? Pale miguu ya watu inapokoma. Majani yalifika magotini, yana umande, na sketi za akina mama zikalowa. Hakuna aliyelalamika.

"Hodi hapa!"

"Karibuni. Mlango uko wazi, mimi ndiye nisiyeweza kuja."

Sekela alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi viwili. Akawatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Tumpe, kisu kikasimama.

Mama Asifiwe, ambaye hotuba hazimshindi, siku ile maneno yalimkimbia. "Mama," akasema, "tumekuletea kapu la... la..." Akakata tamaa. "La Damari."

Sekela akatazama kuni. Kisha, ndugu zangu, yule mama akacheka. Kicheko kile kile cha zamani, cha kutoka tumboni.

"Kumbe mmefika pale kuni zinapokwisha!"

Tumpe akashtuka. "Unakijua kitabu?"

"Nisikijue, ni changu! Mimi ndiye niliyempa jirani anayeniletea maji kwa mlango wa nyuma, akitie kwenye boksi la kanisa. Nililing'oa jalada kwa sababu lina jina langu."

"Lakini kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua msomaji ni nani." Sekela akaweka kisu chini. "Tumpe, wewe tangu tukiwa wasichana, mtu akikuambia jambo kwa mdomo husikii. Mpaka ulione limeandikwa. Nikasema, basi nimwandikie nini? Habari za Yunia zimeshaandikwa."

Tumpe alipiga magoti palepale sakafuni, na viazi vikavingirika. "Mwenzangu, siku ile nilikuambia utazoea. Sijui neno lile lilitoka wapi. Niliona aibu kurudi."

"Ulisema upuuzi," Sekela akajibu. "Tena mkubwa. Lakini upuuzi wako nimeusikiliza miaka hamsini, ningeshindwa siku ile? Kilichoniumiza si neno lako. Ni kimya chako."

Wakalia, wote wawili, na wale wengine wakaenda kuwasha moto, maana kulikuwa na kazi na pia hawakutaka kuonekana nao wanalia.

Moto uliposhika, Mama Asifiwe akauliza, kama mtu ambaye hakuwahi kukasirika, "Sasa mama, huyu Damari mwisho wake anapona au haponi?"

"Sijui," Sekela akasema. "Sikukimaliza. Nilifika pale kuni zinapokwisha, nikageuza ukurasa, nikaona Yunia anabisha hodi. Nikafunga. Sikuweza kusoma kwamba wa Damari amekuja, na mimi wangu hajaja. Nikajiambia, nitasikia mwisho wake siku wangu akija kunisomea."

Tumpe akafungua mkoba wake. Kitabu kilikuwamo. Akasafisha miwani, safari hii kwa kweli ilikuwa imelowa, akasoma. Alisoma mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyehesabu nusu saa.

Jumapili iliyofuata wale akina mama waliazima toroli la kubebea viazi. Wakaliosha, wakatandika godoro dogo na kitenge kipya. Wakampakia Sekela, wakapanda naye mlima, wawili wanasukuma, wawili wanavuta kwa kamba, Mama Asifiwe akiwa mbele akipiga kelele, "Polepole kwenye mawe, hamjabeba viazi leo!" Na Sekela juu ya toroli, amenyoosha shingo kama bibi arusi.

Walichelewa. Walipofika mlangoni, mzee wa kanisa alikuwa ameshaanza matangazo. Kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia, akasoma kama alivyosoma wiki iliyopita: "Tuendelee kumwombea mgonjwa wetu Damari."

Sauti ya Sekela ikatoka mlangoni, nene, ya kujiamini. "Lifute hilo jina, mzee! Amekuja mwenyewe!"

Kanisa zima likageuka. Na kabla mzee hajatafuta kalamu, Sekela alifungua kinywa akaanzisha wimbo. Palepale, juu ya toroli, mlangoni. Ilikuwa miezi tisa kanisa lile halijaimba, lilikuwa linatamka maneno tu. Siku ile liliimba. Watoto walipanda juu ya mabenchi na hakuna aliyewakemea. Mchungaji alisahau goti lake. Wanasema hata ile kengele iliyopasuka ilitetemeka, nami siwezi kubishana nao.

Sasa niwaulize, na kila mmoja ajijibu moyoni. Sisi tunaosoma vitabu vya imani, tunaosikiliza hadithi na kufuta machozi, yale machozi tunayapeleka wapi? Tunaweza kumlilia Damari kwa sababu Damari hatuombi kitu. Hana harufu ya dawa. Hatatukumbusha neno baya tulilolisema. Je, ndiyo maana tunampenda?

Sisemi msisome. Mimi mwenyewe maisha yangu yote nimewasihi watoto wasome. Kitabu kile kilifanya kazi yake. Lakini tazameni pia alichofanya Mungu. Watu walimwombea mwanamke asiyekuwako. Jina halikuwa sahihi. Daftari lilikosea. Mungu angeweza kusema, ombi hili halina mwenyewe. Hakusema. Alilipokea, akalishusha mlimani, akalipitisha kwenye majani marefu mpaka kwa yule ambaye ndiye hasa alikuwa akiombewa. Kama analitumia hata kosa letu, je, miguu yetu tukimpa, atashindwa?

Ndugu yangu, dada yangu, yuko mtu ambaye njia ya kwake imeota majani kwa sababu yako. Umeshalijua jina lake. Limekujia sasa hivi, nikiwa bado ninasema. Usitafute maneno mazuri ya kwenda nayo. Nenda na upuuzi wako, na mzigo wa kuni.

Jumapili ijayo sitawauliza mmesoma nini. Nitasimama pale mlangoni na kuangalia pindo za nguo zenu, kama zimelowa umande.

Haya, fungueni sasa pale mlipoweka kidole.