Moshi wa Mama

Mzee mmoja, jina lake Kimaiyo, alikuwa na binti aliyeitwa Cheptoo. Cheptoo alipoolewa, mama yake alimkabidhi kibuyu cha maziwa. Kila asubuhi, tangu binti huyo akiwa mchanga, yule mama alikuwa akichoma vijiti, akitia makaa yake kibuyuni na kuyasaga, mpaka ndani kukawa kweusi na kunukia. Moshi huo ndio uliofanya maziwa yagande vizuri, yasioze.

Cheptoo alikipenda kibuyu hicho. Alikivisha shanga, na wageni wakakisifu. Lakini kukifukiza? Aa, kazi ya nini? Moshi unachoma macho, na majirani wenye majiko ya gesi walimtania kwamba ananuka kama bibi kizee. Tena kibuyu bado kilinukia. Akawa anakisuuza kwa maji tu, na kweli, kwa muda mrefu maziwa hayakuharibika. Nasi tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisha tunajilalia.

Mama akafariki. Mzee Kimaiyo akaugua tumbo, akaletwa kwa binti yake, na hakuna kilichokaa tumboni mwake ila maziwa ya mgando. Cheptoo akafungua kibuyu, maziwa yameoza. Akamwaga, akatia mengine, nayo yakaoza. Akalaumu ng'ombe. Akalaumu majani, akalaumu joto, akabadilisha kifuniko. Haketi, halali, anahangaika kama kuku anayetaka kutaga, na baba yake anazidi kukonda. Aliogopa kwamba atamzika na yeye.

Ndipo mzee akaomba apewe kibuyu. Akanusa mdomo wake, akasema, "Mwanangu, humu mlikuwa na moshi wa mama yako, nao umekwisha. Wako uko wapi?"

Cheptoo akatoka kuvunja vijiti. Mkono haukuzoea. Makaa yalimuunguza, machozi yakamtiririka, na maziwa yake ya kwanza yalipoganda yalikuwa machungu kwa moshi. Aliona aibu kuyapeleka. Baba yake akayanywa hivyo hivyo, akayamaliza.

Ninyi mliozaliwa kanisani, mlioimba kwaya kabla hamjang'oa meno ya utoto, na leo hamtulii, mnalaumu mchungaji, mnalaumu chuo, mnalaumu nyakati: ni lini mara ya mwisho mlipoomba ninyi wenyewe, si mama zenu, mpaka macho yakawachoma?