Milango ya Chipi

Sogeeni, wajukuu. Nikiita muitike. Kale? Kale ya mababu. Kale hiyo reli ilikuwa changa, na babu yangu mimi hakuwa ameota hata jino.

Palikuwa na seremala, jina lake Mwakio. Akachonga mlango, akachonga kitanda, akachonga mlango tena. Mwingereza aliyesimamia karakana ya reli akamwita Chipi. Ndivyo kwao wanavyomtania seremala, kwa ajili ya vibanzi vinavyoruka akichonga. Mwakio akalipenda. Hata bintiye Wakesho, mtoto wa pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe, alijigamba kisimani, "Mimi ni wa Chipi." Siku hizo Chipi maana yake fundi hodari. Mnanisikia? Fundi hodari.

Kisha ikaja homa. Msiniulize homa gani, ilikuja ikaua. Mwakio akaacha milango, akachonga majeneza. Asubuhi jeneza, jioni jeneza. Akipita na kamba yake ya kupimia, watu wanaingia ndani. Mama akitaka mtoto anyamaze, anamwambia, "Nitamwita Chipi." Jina lile lile, wajukuu, midomo ile ile.

Homa ikaisha. Jina halikuisha. Mwakio akaomba, "Niiteni Mwakio."

Wakamjibu, "Haya, Chipi."

Mwaka uliofuata Wakesho akaanguka, mwili unawaka moto. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya kilima, na machela hutaka watu wanne. Mwakio akakimbilia kwa jirani yake, Mghalu.

"Hodi. Mimi baba Wakesho."

Mke wa Mghalu akanong'ona ndani, "Ni Chipi huyo. Usifungue, amekuja kupima."

"Shemeji, sipimi mtu. Mtoto ananifia. Nisaidieni kumbeba."

"Nenda, Chipi," akasema Mghalu. "Humu hamna mgonjwa."

Akabisha mlango wa pili, wa tatu, wa saba. Yote aliichonga yeye. Alijua hausukumiki hata mmoja, maana aliikaza kwa mikono yake.

Basi akambeba mgongoni, peke yake. Kileleni akahisi mikono shingoni mwake imelegea.

"Wakesho?"

Akamshusha chini, akamtikisa.

"Wakesho, mama, niitikie."

Wapi. Siku hiyo alichonga jeneza moja dogo, akazika bila mtu wa kumshikia kamba ya kuliteremsha. Randa yake akaiacha juu ya kaburi, akaondoka. Hakuonekana tena.

Leo vijana wa kule wakisema chipi, wana maana ya mtu aliyetupwa na wenzake. Wanasema wakicheka. Mimi kisa hiki kinaniuma hadi leo, na sina dawa yake.

Jana niliwasikia mkimbandika jina yule mtoto mgeni. Anaitwa Mkawasi, muiteni hivyo. Jina mlilompa mtu kwa mzaha laweza kumfungia mlango siku ya shida yake, nanyi msiweze kulirudisha.

Kisa changu kimefika kaburini, hakina pa kwenda tena. Nakifunga. Mlango uacheni wazi.