Mihogo ya Siku Mbili

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na kijiji kilichokaa mahali pabaya. Jeshi moja lilikuwa mlimani, jeshi jingine lilikuwa bondeni, na kijiji kilikuwa katikati.

Katika kijiji hicho waliishi wanawake watatu wa nyumba moja. Wa kwanza ni Wabiwa, aliyekuwa na watoto wawili: Nyota, msichana wa miaka tisa, na mtoto mchanga wa miezi mitano. Wa pili ni Mwamini, wifi yake, mwanamke wa miguu mirefu asiyejua kutembea polepole. Huyo alikuwa na mtoto mmoja, Zaina, wa miaka mitatu. Wa tatu ni Bibi Feza, aliyemzaa Mwamini na kumzaa mume wa Wabiwa. Bibi Feza alitembelea fimbo. Wanaume wa nyumba hiyo walichukuliwa na askari kubeba masanduku ya risasi. Walisema ni siku tatu. Miezi minne ilikuwa imepita.

Sasa, kijijini hapo walilima muhogo mchungu, kwa sababu nguruwe pori hawaupendi. Nyinyi mnaoupika mnajua masharti yake. Unaumenya, unautia dimbwini, unauwekea mawe juu usielee, unausubiri siku nne. Siku ya nne unaubonyeza kwa kidole. Kidole kikizama, sumu imetoka. Kidole kisipozama, unaurudisha majini, hata kama watoto wanalia.

Mihogo ya Wabiwa ilikuwa na siku mbili majini, askari alipokuja kupiga filimbi.

"Operesheni inaanza saa sita," alisema. "Atakayebaki tutamhesabu adui."

"Saa sita ya leo?" aliuliza Bibi Feza.

"Ya leo, bibi."

"Na mihogo yetu?"

Askari alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za harusi. "Mtaikuta," alisema, akaenda kupiga filimbi kwa jirani.

Wakakimbia. Kuvuka mto palikuwa na gogo tu. Mwamini alivuka akirukaruka, Wabiwa alivuka na mtoto wake mchanga mgongoni. Bibi Feza aliteleza katikati. Mzigo wake ukaenda na maji, yeye wakamtoa kwa kumvuta nguo. Jioni walikuwa kwenye mianzi upande wa pili, hawana kitu cha kutia mdomoni. Siku hiyo hawakula. Siku ya pili hawakula. Zaina akaacha kulia, na hilo ndilo lililowatisha.

Mwamini akamweka mwanawe mapajani mwa bibi yake. "Narudi dimbwini."

"Wifi, huko wanapigana," Wabiwa alisema.

"Nasikia. Nina masikio."

Alivuka gogo, akatambaa migombani, akaingia topeni mpaka magotini. Risasi zilipita juu akiwa anaokota. Lakini ilipoanza operesheni, wapiganaji walikuwa wamelivunja lile dimbwi ili wapitishe gari lao, maji yakakimbia. Mihogo ilikuwa imelala juu ya tope, imekaushwa na jua la siku mbili. Ilikuwa mihogo ya siku mbili, haikuongeza hata saa moja.

Akaileta. Bibi Feza akachukua mmoja, akaubonyeza. Kidole hakikuzama. Akamtazama Zaina, akaurudisha muhogo kwenye gunia, akanyamaza.

Wabiwa akaponda kwa mawe, akasonga ugali, akaonja. Ulikuwa mchungu. Naye akanyamaza, akagawa.

Wakala, wakapata kizunguzungu, wakalala, wakaamka wazima. Kila mtu alishukuru.

Kama yangeishia hapo, pasingekuwa na hadithi. Lakini vita vilihama nao. Wakihamia bonde hili, mizinga inafuata. Wakihamia lile, inafuata. Wiki saba walikula mihogo ya mashamba yaliyoachwa, wakailoweka usiku mmoja tu, pengine nusu siku, kwa sababu kesho yake hawajui watakuwa wapi. Mwamini akachimba, Bibi Feza akabonyeza, Wabiwa akapika. Mwamini akachimba, Bibi Feza akabonyeza, Wabiwa akapika. Na kila mara kidole hakikuzama.

Palikuwa na maharage kidogo, fuko moja walilogawiwa na watu wa kanisa. Wabiwa ndiye aliyegawa chakula. Maharage alikula yeye, ili maziwa yasikauke. Mengine akampa Zaina, kwa kuwa ni mdogo. Nyota hakupewa. Ili asinung'unike, mama yake alimkatia tonge kubwa kuliko la watu wote. Nyota alikula lote. Alikuwa mtoto asiye na usumbufu.

Asubuhi moja Nyota aliinuka kwenda kuchota maji, akaanguka. Akainuka, akaanguka. Magoti yaligongana, vidole vya miguu vikaelekea ndani.

"Mama, miguu inanicheka," alisema.

Walifika kwenye uwanja wa kanisa, Mwamini akiwa amembeba. Chini ya turubai alikuwepo muuguzi mwenye mfuko wa dawa ulioisha dawa. Akamshika Nyota magoti, akamnyoosha, akawageukia wale watatu.

"Mihogo mnailoweka siku ngapi?"

Mwamini alimpangusa Nyota vumbi miguuni.

"Nawauliza. Siku ngapi?"

"Inategemea," alisema Bibi Feza.

"Inategemea nini?"

"Mizinga."

Muuguzi akakaa chini. Akawaambia kwamba ni sumu ya muhogo, inashika miguu ya mtu anayekula ugali mtupu siku nyingi. "Hii miguu haitarudi kama ilivyokuwa. Ila haitazidi hapo, mkiacha kumlisha sumu. Siku nne majini. Hata nani aseme nini, siku nne."

Basi pale kanisani wakaloweka siku nne. Kidole kikazama. Wakaanika, wakatwanga, wakapata gunia la unga mweupe usio na uchungu. Siku ileile gunia lilipofungwa, filimbi ikapigwa tena. Operesheni inakuja huku, kila mtu apande mlima. Njia ni ya siku mbili, katikati kuna mto, na mto una gogo.

Wabiwa akatandika kitenge chini ili amfunge Nyota. Akainama, halafu akakumbuka kwamba mgongo wake una mtu.

Sikilizeni vizuri sasa. Watoto wasioweza kupanda mlima ule walikuwa watatu: mchanga, Zaina na Nyota. Migongo ilikuwa mitatu. Mwamini alikuwa na Zaina mgongoni na gunia la unga kichwani, Wabiwa alikuwa na mchanga mgongoni, turubai na sufuria kichwani. Mgongo wa Bibi Feza ndio uliokuwa mtupu, lakini mgongo ule usingeweza kuinua msichana wa miaka tisa. Ungeweza kubeba mdogo mmoja, na huyo mdogo angevuka gogo na mtu aliyekwisha kuanguka kwenye gogo.

"Wifi," Wabiwa alisema, "mshushe Zaina, umbebe Nyota. Wewe ndiye mwenye nguvu."

"Nimshushe Zaina nimpe mama? Umesahau gogo?"

"Wewe ndiye uliyeitoa mihogo haijaiva."

Mwamini akacheka kicheko kibaya. "Niliitoa, ndiyo. Dimbwi lilikuwa limevunjwa, ningeiacha iloane na nini, na mate yangu? Niliingia kwenye risasi mkiwa mmejificha. Leo ungekuwa huna mtoto hata mmoja wa kugombania mgongo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchimba. Mwenye kubonyeza ni mama. Muulize mama."

Wakamgeukia Bibi Feza.

"Nilibonyeza," alisema. "Nilijua tangu ule wa kwanza. Ningesema msile, Zaina angekufa siku ile, na mchanga angefuata. Nikanyamaza, mkaishi. Nikazoea kunyamaza." Akaigonga fimbo chini. "Lakini mimi sikumkatia mtoto yeyote tonge kubwa."

Wabiwa alikiokota kitenge, akakikunja.

"Nilionja nikajua," alisema. "Nilikula maharage yake ili huyu anyonye. Na mengine alikula Zaina wako, wifi. Miguu ya Zaina inatembea kwa maharage ya Nyota."

"Sikukuomba umpe."

"Hukuomba. Ulimtazama akila."

Mzinga ukalia upande wa bonde. Watu wa kanisani walikuwa wameanza kupanda, wamepangana mstari mmoja na magodoro vichwani.

"Niacheni naye," Bibi Feza alisema. "Nitakaa na Nyota hapa chini ya turubai la muuguzi. Wakija wakiona kikongwe na kiwete, labda watapita."

"Labda," alisema Mwamini.

"Basi tumwage unga," Wabiwa alisema. "Tutupe na turubai. Nitamfunga Nyota mgongoni na mchanga kifuani."

"Uwabebe wawili siku mbili mlimani, wifi? Jana ulianguka na ndoo. Na tukimwaga unga, huko juu tutachimba mihogo ya watu, tuloweke usiku mmoja. Halafu mwezi ujao tutasimama tena hivi, tukimgombania Zaina."

Nyota alikuwa ameketi chini kando yao, anawasikiliza. "Shangazi," alisema, "mimi nimepungua. Siku ile uliponibeba ulisema nina uzito wa gunia la mawe, sasa si sana." Akanyoosha mikono yake miwili juu, kama anavyofanya mtoto anayengoja kubebwa, ila hakuielekeza kwa mtu yeyote.

Mzinga wa pili ukalia, karibu zaidi. Wabiwa akakikunjua kitenge, akakishika ncha mbili, akamtazama wifi yake, akamtazama mama mkwe wake, akasikia mchanga wake akihema mgongoni.

Na hadithi imesimama hapo hapo, Wabiwa na kitenge chake mkononi, na mstari wa watu unaisha. Aliyechimba yupo. Aliyebonyeza yupo. Aliyepika na kugawa yupo. Kila mmoja aliwaokoa wote, na kila mmoja aliivunja miguu ya Nyota. Nyinyi mlioshiba mnaonisikiliza, semeni, tena upesi. Je, nani alistahili kumbeba Nyota? Na mdogo wa kushushwa, akavushwe gogo na Bibi Feza ili Nyota apate mgongo, awe mtoto wa nani?