Kadi Haipigi Hodi

Kadi haipigi hodi. Mmemsikia shangazi yenu, Tia Marsiana, akisema hivyo alipooneshwa mwaliko kwenye simu ya Jenoveva. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza msemo umetoka wapi. Basi mmefika penyewe, kwa sababu ulizaliwa siku ya harusi yangu, na aliyefanya usemwe ni bibi yenu Bibiana, Mungu ampumzishe. Kaeni. Wewe Jenoveva unayeolewa, sogea karibu.

Hapa Malaka sisi wajukuu wa Wareno hatukuachiwa mali. Meli zao zilikwenda, sisi tukabaki na sala, na lugha yetu ya mchanganyiko, na desturi za harusi. Na mwaliko wa harusi haukuwa wa kuandikwa, ulikuwa wa kutembezwa. Mume na mke wazee, wote wawili wakiwa hai, walivaa nguo za kanisani wakabeba sinia la tambuu, wakapita nyumba kwa nyumba. Walipiga hodi wakamtaja mwenye nyumba kwa jina. Wakiisha kukaa, ziliulizwa kwanza habari za wagonjwa na za samaki, ndipo likaja neno la harusi. Mwenye nyumba akichukua jani la tambuu, ameahidi kuja. Asipoletewa jani hakualikwa, hata kama moshi wa jiko la harusi unamwingilia dirishani.

Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa. Mama yake Bibiana alikuwa mjane, na mjane habebi tambuu la harusi. Nilikuwa nimekusudia kumwomba Tiu Horasio na mkewe, jirani zangu, watutembezee mwaliko. Hapo ndipo mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Bwana Leopoldo, alipoingiza mkono wake.

"Selmo," akaniambia, "kutembeza majani ni mambo ya kizamani. Nitakuchapishia kadi. Watu waone kwamba tunaendelea."

Mimi shule niliiona kwa nje. Nilioneshwa kadi, nikaona maua pembeni na njiwa wawili, nikasema asante. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba jina lake lilikuwa juu kwa herufi kubwa, na majina yetu chini, madogo, kana kwamba sisi ndio tulioalikwa kwenye harusi yake. Wakubwa ndivyo walivyo. Hawakupi hata kikombe cha maji bila kukuachia alama ya kidole chao.

Kadi zikasukumwa chini ya milango wakati watu wako baharini. Tukangoja siku.

Siku yenyewe ikafika. Kwa desturi yetu, asubuhi majirani hukusanyika nyumbani kwa bibi arusi. Yeye hupiga magoti, na kila mmoja humwekea mkono kichwani akamwombea heri. Hapo ndipo huondoka kwenda kanisani. Bibi arusi asiyebarikiwa na majirani haondoki, na kama haondoki hakuna ndoa. Padri atangoja, atachoka, atafunga mlango wake.

Nilifika langoni kwa mama yake Bibiana na mpiga fidla wangu. Mabenchi yalikuwa yamepangwa uani, na mchuzi wa debal, ule wetu wa siki na pilipili, unachemka. Hakuna mtu. Kwenye benchi la mbele alikaa Bwana Leopoldo peke yake, mguu juu ya mguu.

"Watu wetu wavivu," akasema. "Leteni chakula basi, kisipoe."

Mama yake Bibiana akaanza kulia jikoni. Mimi nikasimama pale na koti la kuazima, sijui niingie au nirudi.

Mara mlango ukafunguliwa, akatoka Bibiana. Bibi arusi kwetu hatoki nje kabla ya kwenda kanisani, jua lisimwone. Yeye alitoka amevaa kebaya, blauzi yake ndefu nyeupe ya harusi, bila viatu, na sinia la tambuu mikononi. Akampita mwenyekiti kama mtu anavyoipita nguzo.

"Unakwenda wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kufanya kazi yako," akasema.

Nami nikamfuata. Bwana arusi hatakiwi kumwona uso kabla ya kanisa, kwa hiyo nilitembea nyuma nikiinamisha macho. Njia nzima nilichoona ni visigino vyake na vumbi.

Nyumba ya kwanza aliyoiendea ilikuwa ya Tia Olinda. Huyu alikuwa na mdomo mkali kuliko wote, na alikuwa amegombana na mama mkwe wangu juu ya kuku. Bibiana akapiga hodi.

"Hodi, Tia Olinda."

Sauti ikatoka ndani. "Nani? Bibi arusi? Umekosa akili? Rudi ndani, utajitafutia mkosi."

"Mkosi uko nyumbani, Tia. Umekaa kwenye mabenchi yote."

Tia Olinda akafungua. Akamtazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akanitazama mimi niliyeangalia chini. "Na huyu ameangusha nini?"

"Ananifuata, Tia. Nimekuja kukualika."

"Leo ndiyo unanialika? Leo, mchuzi umeiva?"

"Mlitumiwa kadi."

"Kadi gani?" Akageuka, akaonesha meza yake. Chini ya mguu mmoja mfupi ilikuwa imekunjwa ile karatasi, njiwa mmoja anachungulia. "Ile? Mwanangu, karatasi inayopita chini ya mlango hapa hutoka ofisini. Husema, ondoeni mitumbwi. Bomoeni banda. Ufuo unajazwa kifusi. Mimi kusoma sijui. Nikasema, haya, wameanza tena, na meza yangu inayumba."

"Jirani yako anajua kusoma."

"Anajua. Akasoma akakasirika. Akasema, tangu lini mtoto wa hapa anaoa kwa amri ya mwenyekiti? Hakuna aliyetuita kwa jina. Kadi haipigi hodi, mwanangu."

Bibiana akanyoosha sinia. "Basi mimi nimepiga, Tia Olinda."

Yule mama akachukua jani. Akavaa kanga yake ya kanisani palepale mlangoni, akatoka, akatangulia mbele akipiga milango ya watu kwa ngumi. "Mnalala? Tokeni. Mtoto anaalika kwa miguu yake."

Walitoka. Wengine na nguo za kuvulia samaki, mmoja na sabuni masikioni. Uani mabenchi hayakutosha, na Bwana Leopoldo akaambiwa asimame ampishe mzee. Bibiana akapiga magoti, mikono ikapita kichwani mwake mingi mpaka shada la maua likalala upande. Padri tulimkuta ameshika ufunguo.

Nimeishi na mwanamke yule maisha mazuri kuliko niliyostahili. Ufuo wetu wakubwa waliujaza kifusi, na alipougua walituahidi gari la hospitali, nalo mpaka leo liko njiani. Hilo sisamehi. Alipofariki, kamati ilileta kadi ya rambirambi, ikapita chini ya mlango. Ipo chini ya mguu wa meza yangu.

Lakini siku ile ya msiba mlango wangu haukupumzika. Wana wa Olinda walipiga hodi, na wajukuu wa Horasio, na kila nyumba ambayo visigino vile viliifikia. Waliniita kwa jina, wakaingia na vyungu, wakakaa nami. Nikiwakumbuka, uchungu hupungua, nashukuru.

Sinia ni lile pale ukutani, Jenoveva. Mimi mjane siruhusiwi kulibeba. Kulifuta vumbi naruhusiwa, na nimeshalifuta. Watafute wazee wawili, mume na mke, waanzie kwa wale mliogombana nao.

Simu yako ni nzuri, mjukuu wangu. Ila kadi haipigi hodi.