Nyumba Isiyo na Majivu

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee, binti wa pekee, na nyumba ya udongo iliyowatosha. Jina lake Mbonea. Mkewe alikwisha kufariki, na kazi ya moto ilikuwa mikononi mwa binti, Naetwe. Bibi yake, Nakijwa, ndiye aliyemfundisha kufukia kaa kwenye majivu jioni na kulikuta hai asubuhi. Moto wa jiko lile haukuwahi kuzimika tangu bibi alipoletwa pale akiwa bibi arusi. Yeye naye aliutoa kwa mama yake, akaubeba ndani ya chungu kilichopasuka mdomo.

Juu ya kilima palikuwa na Nyumba ya Nguzo Nyeupe. Hakuna asiyeijua. Iliimbwa harusini, ilichorwa kwenye khanga na kwenye masinia, na watoto waliojenga kwa mchanga walijenga hiyo. Watu wakipumzika shambani waliulizana, "Ungeambiwa uchague, ungekaa wapi?" na jibu lilikuwa moja. Wageni walitoka mbali kuja kuitazama. Lakini nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa, kwa hiyo wenye nyumba wakatangaza kwamba wanatafuta familia yenye heshima ikae humo. Mbonea akaomba, akakubaliwa.

Katika milima ile kuna desturi. Mtu akionyeshwa nyumba ya kuhamia, haingii kwa mlango wa mbele. Huzunguka nyuma, huingia jikoni, huchuchumaa na kushika majivu. Yakiwa mengi, anajua kwamba hapa watu walikula. Yakiwa na uvuguvugu, anajua kwamba moto unakubali kukaa. Ndipo anapokuja mbele kutazama kuta. Mbonea mwenyewe alikuwa amewaasa vijana wengi wasiisahau desturi hiyo. Ila siku ile msimamizi wa nyumba alimpokea chini ya nguzo, akamwita mheshimiwa, na Mbonea akasahau kwamba nyumba ina nyuma. Aliteremka mbio, akampa jirani nyumba yake ya udongo, akawaambia mama na binti wafunge mizigo.

Naetwe akabeba kaa la moto katika chungu cha bibi. Mlangoni msimamizi akamzuia. Alikuwa mtu mpole, hakupaza sauti.

"Binti, hicho kiache nje. Moshi utatia nguzo weusi. Hapa chakula huletwa."

"Huletwa kikiwa cha moto?" bibi akauliza.

"Huletwa kwa wakati, mama."

Bibi akacheka. Mbonea hakucheka. "Mama, usinitie aibu," alisema, na wakaingia. Naetwe akakificha chungu nyuma, chini ya upenu, akawa anaulisha moto vijiti na magunzi kama mtu anayelisha kifaranga.

Basi wakakaa. Kazi yao ilikuwa kuketi barazani wamevaa nguo safi, na wageni wakifika, kuwapungia mkono. Hawakuruhusiwa kuanika nguo, wala kutwanga, wala kuimba. Ukungu wa milimani uliingia kupitia madirisha makubwa ukalala sakafuni, na sakafu ilikuwa ya mawe. Ugali ulifika umeota ngozi. Uji ulifika umeganda. Magoti ya bibi yakavimba, akaanza kuacha chakula. "Mbuzi wangu walilala pazuri kuliko hapa," alimwambia mjukuu wake, "na hakuna aliyekuja kuwatazama."

Naetwe aliposhuka sokoni kununua kuni, wanawake walimpokea kwa vifijo. "Karibu, mwenye nguzo zako! Umeshuka kutupungia mkono?" Mwingine akadakia, "Na kuni hizo za nini tena, shoga? Za kutazama?" Naetwe alicheka pamoja nao. Aliporudi alimwambia baba yake kwamba bibi anakufa kwa baridi. Mbonea akamjibu, "Vumilia, mwanangu. Unajua ni wangapi wanaoitamani nafasi hii?"

Naetwe alijua. Ni wote. Lakini katika hao wote hapakuwa na hata mmoja aliyeyashika magoti ya bibi yake.

Ikaja siku ya mvua ya upepo. Wageni walikuwa wengi ukumbini, wameinua nyuso wakitazama dari. Kule nyuma maji yaliupiga upenu, na kaa ndani ya chungu likabaki doa jekundu tu. Bibi alikuwa amelala amekunja mwili, midomo yake imekuwa ya rangi ya jivu, naye hakuwa tena na neno la kuchekesha. Naetwe akatoka mvuani hadi kwenye bustani. Akang'oa mawe matatu yaliyopakwa chokaa, yale yaliyopangwa kandokando ya maua, akayaingiza ndani, akayapanga mafiga katikati ya ukumbi. Akatia kuni na lile kaa la chunguni. Akainama, akapuliza.

Moshi ukapanda taratibu, ukatambaa kwenye nguzo ya kwanza. Wageni wakarudi nyuma wakikohoa. Msimamizi aliyekuwa mpole akapiga ukelele kwamba moto uzimwe. Mbonea akaja akikimbia, akapiga magoti mbele ya mtoto wake mwenyewe, jambo ambalo baba hafanyi. "Naetwe, nakuomba. Tutafukuzwa. Tutakuwa watu wa wapi?"

Naetwe akateleka ule uji ulioganda, akachochea moto mpaka ukachemka. Akamnywesha bibi kwanza, kijiko kwa kijiko, akiupoza kwa pumzi, na damu ikarudi midomoni mwa yule mzee. Kisha akasimama, uso wake una masizi, akasema mbele ya wote:

"Baba, nyumba nimeiona. Nionyeshe jiko lake, nami nitauzima moto huu."

Mbonea akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, akaizunguka nyumba ile. Alifungua mlango huu na ule. Alifika nyuma kabisa, akakuta ukuta. Palikuwa pasafi. Hapakuwa na jiko, wala alama ya jiko, wala chembe ya jivu, kwa kuwa nyumba ile haikujengwa ili mtu ale humo. Ilijengwa ili ionekane. Akarudi ukumbini, akainamisha kichwa. Hata hivyo hakusema tuondoke. Alichukua kitambaa, akaanza kuifuta nguzo.

Naetwe akatia kaa chunguni. Akamwinua bibi, akamwegemeza begani, wakatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya wageni, na hakuinamisha uso. Jirani aliyepewa nyumba yao aliwaona wakiteremka kwenye tope. Akawaachia jiko la nje, akawakandikia upande uliobomoka. Watu waliwacheka kwamba wameacha kasri wakahamia jikoni. Naetwe aliwakaribisha waketi, na waliokuja kucheka wakakaa kuota moto.

Mbonea alibaki juu akifuta. Weusi haukutoka. Wageni waliofika waliacha kuuliza habari za dari, wakauliza habari za ule moshi, na wengine waliugusa ule weusi kwa vidole, maana lilikuwa jambo pekee ndani ya nyumba ile lililoonyesha kwamba mtu aliwahi kuishi humo. Aliwasikia wakiuliza. Akazidi kufuta, kwa sababu siku ya moto ilipowadia, yeye alikuwa upande wa kitambaa.

Asubuhi moja ya ukungu alishuka. Hakupiga hodi mbele. Alizunguka nyuma, akaingia jikoni bila salamu, akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye majivu. Kaa lililofukiwa likamchoma, akautoa mkono upesi akiupuliza. Bibi alikuwa ameketi pembeni na bakuli lake, amenenepa.

"Sasa umejua pa kuingilia," alisema. "Naetwe, mpe baba yako uji."

Moto mnaujua ninyi mnaonisikiliza, kwa kuwa kila mmoja wenu alipewa wake na mtu aliyeubeba kwa shida. Nguzo mnazijua pia, na wale wanaokuja kutuita kwa majina makubwa ili tuingie tukiwa tumeuzima. Kwa hiyo nawauliza, wazazi kwa watoto: nyumba ile mnayoichagua, inayosifiwa na kila kinywa, ni nani kati yenu aliyezunguka nyuma akashika majivu?