Gari la Saumu Lenye Kiu

Gari la Saumu lilikuwa mtumba wa kifahari, lenye mbio za swala na kiu isiyokatika. Jirani yake tajiri, Mwinchande, alipokuwa akimwoza mwanawe, akaja kuliazima.

“Mafuta juu yako, jirani. Tena uliendeshe wewe, wakwe wajue ni langu na nina dereva.”

“Hewala, bosi.”

Msafara ukatoka kwa tarumbeta. Kwenye kituo cha mafuta Saumu akakata kona, akaegesha. Magari ya wakwe yakasimama nyuma yake, vichwa vikachungulia madirishani.

“Bosi!” Saumu akapaza sauti. “Gari lako limekauka. Nilijaze, au tuwaombe wakwe watusukume?”

“Jaza!” Mwinchande akafoka kutoka kiti cha nyuma, akichomoa noti. “Jaza mpaka juu!”

Jioni Saumu alirudi na tangi pomoni. Uani yalimngoja madumu mawili ya mafuta, aliyoyanyonya alfajiri kutoka gari hilohilo.